Watu wa Jamii Fulani

Ni saa tano usiku, Ruiru. Jirani wa juu anaburuta kiti kama kawaida yake, stima imerudi baada ya kupotea mara mbili, na mimi nimekaa kitandani na laptop mapajani, najaribu kuamua kama Fourteen Falls ni ya Kiambu au ya Machakos.

Hakuna anayenilipa kwa kazi hii. Mchana nauza misumari, simenti na mabati kwenye hadiwea moja karibu na Bypass. Usiku naingia kwenye Wikipedia ya Kiswahili na kupanga makala za watu wengine. Siandiki sana. Waandishi wapo. Mimi ni mtu wa kupanga.

Kama hujawahi kugundua, fungua makala yoyote ya kamusi elezo hiyo, ushuke mpaka chini kabisa, pale ambapo macho huwa yamechoka. Utaona kisanduku chembamba chenye neno "Jamii", na mbele yake maneno machache ya buluu: Miji ya Kenya, Kaunti ya Kiambu. Hizo ndizo rafu. Ukibonyeza moja unapata orodha ya kila makala iliyowekwa hapo. Makala isiyo na jamii ipo, lakini ipo kama kitabu kilichoanguka nyuma ya kabati. Hakijapotea, ila hakuna atakayekiona mpaka siku ya kuhama.

Kuweka jamii ni kazi ya sekunde kumi. Unafungua mabano mawili ya mraba, unaandika neno Jamii, nukta mbili, jina la rafu, unafunga mabano. Kama rafu ipo, jina linatokea kwa buluu. Kama haipo, linatokea jekundu, na hapo ni juu yako: uitengeneze, au ukubali kwamba umebuni rafu ambayo hakuna mtu aliyeihitaji. Tena kitu kinawekwa kwenye rafu finyu zaidi inayokifaa. Thika haitupwi tu kwenye "Kenya". Thika inaingia kwenye miji ya Kenya, na miji ya Kenya ndiyo inayoingia kwenye Kenya. Rafu ndani ya rafu.

Makala fupi sana huitwa mbegu. Neno hilo ndilo lililonishika 2020, wakati hadiwea ilifungwa kwa sababu ya korona na nilikuwa na bando la usiku lisilo na kazi. Nilikuwa nimetafuta habari za mtaani kwetu, nikaletewa makala ya mistari mitatu, na chini yake maelezo kwamba hiyo ni mbegu na naweza kuikuza. Nikajisemea, kumbe. Si mtu alisahau kumaliza. Ilipandwa hivyo makusudi.

Lakini kuandika kulinishinda. Kila sentensi niliifuta mara nne. Kupanga ndiko kulikonijia bila shida, na najua nilikopata mkono huo.

Baba yangu alikuwa stoo kipa kwenye kiwanda cha nguo Thika. Jumamosi, kama Mama alikuwa sokoni, alikuwa akinipeleka kazini na kuniketisha juu ya katoni. Kila spea pale ilikuwa na kadi yake: jina, namba, rafu, imetoka ngapi, imebaki ngapi. Fundi akija mbio kwamba mashine imesimama, Baba hakuwa na haja ya kutafuta. Alienda moja kwa moja. "Kitu kisicho na mahali," alikuwa akiniambia, "kiwanda kitakinunua mara ya pili." Nilikuwa na miaka sita na nilidhani hayo ni mambo ya bolti.

Tofauti ni kwamba bolti inakaa mahali pamoja tu. Makala inaweza kukaa rafu kumi kwa wakati mmoja na isipungue. Mchukue Grace Ogot. Alikuwa muuguzi. Alikuwa mtangazaji. Aliandika hadithi kwa Kiingereza na kwa Dholuo. Akawa mbunge, akawa waziri msaidizi. Alizaliwa 1930, akafariki 2015. Ukimweka kwenye waandishi wa Kenya na kumwacha hapo, anayetafuta wanasiasa wanawake hatampata. Kwa hivyo unamweka kote. Nakumbuka furaha ya usiku niliofanya kazi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Nilihisi kama nimemfungulia mtu milango yote ya nyumba yake.

Mahali ni pagumu kuliko watu, ama hivyo ndivyo nilivyofikiria. Gatanga, kwao Mama, nilipokuwa mtoto ilikuwa Wilaya ya Thika. Kaunti zilipoanza kazi 2013, Thika ikabaki Kiambu, Gatanga ikawa Murang'a. Nyumba ya cucu haikusogea hata inchi. Ruiru nayo kila mtu huiita mahali pa kulala, watu wa Nairobi walioshindwa na kodi ya Nairobi. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru, na Thika 251,407. Ruiru iliipita Eldoret. Iliipita Kisumu. Si mahali pa kulala hapo. Ni jiji ambalo bado halijapewa rafu yake vichwani mwetu. Sasa kuna hii Fourteen Falls, ambayo Wakenya wote tunasema "iko Thika", ilhali ni Mto Athi unaoporomoka karibu na Kilimambogo, pale Kiambu inapokutana na Machakos.

Nilipenda shida za aina hii. Mto haukasiriki ukiukosea.

Kisha mwaka jana mhariri mwenzangu akaanza kujaza rafu za makabila.

Sitamtaja. Ni mtu wa bidii, amefanya kazi nyingi nzuri kuliko mimi. Usiku mmoja niliona kwenye orodha ya mabadiliko ya karibuni kwamba ameweka jamii ya Waluo kwenye makala ya mwanamuziki mmoja, halafu mwingine, halafu mkimbiaji, halafu mtu wa benki. Akahamia kwa Wakikuyu. Wakamba. Wakalenjin. Wote watu walio hai. Ndani ya saa moja makala thelathini na kitu.

Nikasoma ile ya mtu wa benki kutoka juu mpaka chini. Hakuna mahali palipotaja kabila lake. Nikaiondoa ile jamii. Asubuhi ilikuwa imerudishwa. Nikaiondoa tena, nikaenda kwenye ukurasa wa majadiliano.

Nilimwandikia kwa heshima, maana kule usipoanza kwa heshima utamaliza vibaya. Nilimwambia kwamba Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni kuhusu watu walio hai: jamii ya dini au ya mapenzi ya mtu haiwekwi mpaka awe amejitaja mwenyewe hadharani, na iwe inahusu kile kinachomfanya ajulikane; na kabila pia huchukuliwa kwa tahadhari. Nilimkumbusha kisa cha 2013, wakati mwandishi Amanda Filipacchi alipoeleza katika New York Times kwamba waandishi wa riwaya wa kike walikuwa wakitolewa mmoja mmoja kwenye rafu ya waandishi wa riwaya wa Marekani na kupelekwa kwenye rafu ya wanawake peke yao. Aliyefungua rafu kuu aliwakuta wanaume wamebaki humo. Hakuna aliyetukana mtu. Watu walikuwa wanapanga tu.

Jibu lake lilikuwa zuri, na nalisema bila kejeli. Alisema hiyo ni kanuni ya Waingereza, sisi tuna mambo yetu. Kabila si tusi. Kwa nini tuone haya kusema mtu ni Mluo, wakati hatuoni haya kusema Mjerumani ni Mjerumani? Alisema tukificha makabila kwenye kamusi yetu wenyewe, ni nani atakayeyaandika?

Nikakaa na swali hilo siku nzima, nikipima misumari kwa kilo. Kwa sababu kuna upande ambao ana haki. Wamakonde waliishi Kenya miongo mingi bila kitambulisho, bila rafu. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai watambuliwe, na 2017 wakawa kabila la 43. Mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa la 44. Kwa Mmakonde, kukosa jamii kulimaanisha kukosa akaunti ya benki, kukosa kazi, kukosa kura. Hungeenda kumwambia kwamba majina ya makundi ni hatari. Yeye alitembea barabara nzima kulitafuta hilo jina.

Jioni nikamuuliza mwenzangu swali moja tu: huyu mtu wa benki, ulijuaje?

Akajibu: kwa jina.

Nikafunga laptop.

Hapa lazima nikurudishe nyuma. Jina la baba yangu linaanza na O. Kwa Mkenya hiyo inatosha, sihitaji kuongeza kitu. Mama ni Mkikuyu wa Gatanga. Nilizaliwa Thika, nikalelewa Makongeni, Kikuyu changu kinateleza na Dholuo changu kinachekesha. Kwa Waluo msichana huitwa kwa mahali alikotoka: Nyar Alego, Nyar Gem. Baba aliniita Nyar Thika, na ndugu zake wakija kutoka Siaya walicheka mpaka wakakohoa, kwa sababu Thika haikuwa kwao hata kidogo. Yeye alisisitiza. Msichana ametoka Thika, kwani mnataka nimwite nani?

Uchaguzi ulifanywa Desemba 27, 2007. Unajua kilichofuata. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na kitu nilichokuwa nikisikia kwenye redio kila saa ni hilo neno. Watangazaji waliogopa kutaja makabila, kwa hivyo walisema "watu wa jamii fulani". Nyumba za watu wa jamii fulani zimechomwa. Vijana wa jamii fulani wamefunga barabara. Nilimuuliza Mama, jamii fulani ni akina nani? Akasema, "Inategemea uko wapi." Akaongeza sauti ya maji aliyokuwa akimimina.

Mwisho wa Januari ikafika Thika. Walikuja kwenye ploti yetu vijana wanne, mchana, jua kali. Watatu walikuwa na vitu mikononi ambavyo sitaki kuvielezea. Wa nne alikuwa na daftari.

Ni daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita lenye jedwali la hesabu nyuma. Nilikuwa na kama hilo. Alikuwa amechora mistari kwa rula. Ploti kwa ploti, mlango kwa mlango, jina, na pembeni alama. Hakuwa akifoka. Huyo ndiye aliyenitisha zaidi, kwa sababu alikuwa mtulivu kama Baba akiwa stoo. Alisoma: nyumba ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, walishaenda. Ya nne.

Mama alisimama mlangoni. Akaongea nao Kikuyu, pole pole, akiwaita wanawe. Yule wa daftari akamwambia kwa adabu kabisa kwamba yeye hana shida. Yeye ni wao. Kisha akanitazama, akatazama daftari, akawageukia wenzake.

"Na huyu msichana tumuweke wapi?"

Mmoja akasema mtoto ni wa baba. Mwingine akasema si unasikia anaongea Kikuyu. Walibishana juu yangu pale jua likiwaka, kama watu wanaobishana kuhusu mto. Mwishowe yule wa daftari akaandika kitu, sijui nini, wakaenda mlango wa tano. Waliacha ujumbe kwamba mwenye nyumba asilale hapo.

Hatukulala. Baba alitoka kazini moja kwa moja mpaka uwanjani ambako wengine walikuwa wamekusanyika, na Mama akatufungia nguo kwenye shuka tukamfuata. Tulikaa siku tisa. Majina yetu yaliandikwa tena pale, na watu wa misaada safari hii, kwenye karatasi nyingine zenye mistari: umetoka wapi, mko wangapi, unaenda wapi. Baba alipoulizwa anaenda wapi alisema haendi mahali. Kwao ni hapa. Yule mama wa karatasi akasubiri na kalamu hewani, kwa sababu hakukuwa na sehemu ya kujaza jibu kama hilo.

Tume ya Waki baadaye ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Sisi tuko nje ya hesabu hiyo, tuliponea. Baba alirudi kazini mwezi wa Machi na akakuta mtu mwingine amepanga stoo upya, vibaya. Alilalamikia hilo kuliko kitu kingine chochote. Hilo la rafu aliliongea miaka mingi. Hilo la daftari alilisema mara moja tu, akila: "Aliyeandika ile orodha ni mtu aliyetujua. Alipata spelingi ya jina langu sawa."

Kwa hivyo unaweza kuelewa kwa nini "kwa jina" ilinifanya nifunge laptop.

Kinachoniuma ni kwamba daftari lile na kazi yangu ya usiku vinafanana. Yule kijana na mimi tunafanya kitu kilekile. Mistari, majina, uamuzi wa sekunde kumi. Na si sisi tulioanza. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilimvisha kila mwanamume Mwafrika kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma, chenye jina, kabila, na mwajiri wake. Kipande kilitengenezwa ili mtu apatikane akitoroka kazi. Mmakonde wa 2016 naye alitaka kitambulisho ili apatikane, na mikopo, na shule, na kura. Kazi ya jamii ni hiyo tu: kumfanya mtu apatikane. Rafu haijui anayekuja kutafuta ni nani, wala amebeba nini mkononi.

Nilimwandikia mwenzangu usiku wa tatu. Sikuandika kanuni tena. Niliandika sentensi mbili kuhusu daftari, na ya tatu nikamuuliza: tukubaliane kwamba mtu aliye hai awekwe kwenye kabila kama yeye mwenyewe amejiweka?

Alinyamaza siku mbili. Kisha nikaona kwenye mabadiliko ya karibuni akipita makala moja baada ya nyingine, akiondoa. Mtu wa benki. Mkimbiaji. Hakuondoa zote, na sikutaka aondoe zote. Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa mfano, hatujagombana juu yake. Mtu aliyeamua kuandika riwaya zake kwa Kikuyu, akalitetea hilo hadi mwaka wa kifo chake, 2025, amejipeleka mwenyewe kwenye rafu hiyo na kuifunga mlango kwa ndani. Wapo wengine ambao bado tunavutana. Kwenye ukurasa wa majadiliano aliacha maneno matatu: "Pole. Sikujua. Tuendelee."

Jumapili iliyofuata nilipanda mat Ruiru kwenda Thika kuwaona wazee. Superhaiwei ilikuwa wazi, Juja, Witeithie, nikafika kabla ya chai. Baba amestaafu. Ana sanduku la vifaa uani ambalo hakuna anayeruhusiwa kuligusa, kila spana na mchoro wake kwenye mbao.

Nilimwonyesha kazi yangu kwenye simu. Alivaa miwani, akashuka mpaka chini ya makala, kwenye kile kisanduku, kama mtu anayejua pa kuangalia.

"Kwa hivyo kitu kimoja kinaweza kukaa rafu mingi?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hakiharibu hesabu?"

"Hakiharibu."

Akatikisa kichwa. "Sisi tungefukuzwa kazi."

Nikamuuliza, kwa mzaha lakini si kwa mzaha, "Ungekuwa na makala yako, ungependa uwekwe wapi?"

Mama alikuwa akimimina chai, akasimama kidogo. Nadhani wote watatu tulifikiria kitu kimoja. Kwamba katika maisha yake yote ameandikwa na watu wengi, kiwandani, kituo cha kura, kwenye daftari, uwanjani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza.

Hakujibu haraka. Alitoa miwani, akaifuta kwa shati.

"Stoo kipa wa Thika," akasema. "Iko hiyo?"

"Haiko. Itakuwa nyekundu."

"Basi andika hivyo hivyo. Ikae nyekundu."

Nimerudi Ruiru. Jirani ameburuta kiti mara ya mwisho, amelala. Fourteen Falls nimeiweka rafu zote mbili, Kiambu na Machakos, zimetokea buluu zote. Kwenye orodha bado kuna makala nyingi ambazo hazina jamii. Inayofuata ni ya mwanamke mmoja, mchezaji wa voliboli, mistari miwili, mbegu. Jina lake linasema kitu na najua linasema nini.

Nimemweka kwenye wachezaji wa voliboli wa Kenya. Hayo mengine atayasema mwenyewe.